Suti ya kuzuia harufu umevaa, kulungu bado anakukimbia: tatizo liko wapi?

Kila Novemba napata ujumbe wa aina moja kwenye simu. Jamaa amekata leseni, amenunua suti ya kuzuia harufu kwa bei ambayo kijijini ingeleta mbuzi watano, amepanda dungu kabla ya mapambazuko. Saa mbili asubuhi kulungu akatokea, akapuliza pua, akapandisha mkia, akayeyuka porini. "Kaka, hii suti ni feki?"

Mimi nawinda Minnesota, zaidi kwenye vilima vya kusini mashariki, upande wa Winona, juu ya mto Mississippi. Suti hizo nimezivaa miaka kadhaa. Kabla sijajibu kama ni feki huwa namrudishia swali: alikimbiaje? Maana nusu ya malalamiko yanayotupiwa suti hayahusu harufu hata kidogo, na nusu nyingine yanahusu harufu ambayo suti yoyote isingeweza kuizuia.

(Neno kwanza. Kule nyumbani kulungu au mbawala ni mnyama mwenye pembe zisizodondoka. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe chini, dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Sisi tulioko huku tumezoea kumwita kulungu, basi tuendelee hivyo.)

Soma alivyokimbia

Akipuliza pua kwa nguvu, sauti kama tairi linalotolewa upepo ghafla, kisha akaondoka mkia ukiwa juu kama kitambaa cheupe, bila hata kukuangalia, huyo amekunusa. Mara nyingi atakuwa upande ambao upepo wako unaelekea, ule ambao mabaharia wetu wa Pwani huuita demani.

Akisimama akakukazia macho, akapiga ardhi kwa kwato, akashusha kichwa kama anayekula kisha akakiinua ghafla, huyo ameona kitu na hajui ni nini. Hiyo ya kushusha kichwa ni ujanja wake: anataka usogee. Asiporidhika ataanza kuzunguka taratibu kuelekea demani, apate uhakika kwa pua.

Akiwa anatembea vizuri, halafu akafika mahali akainamisha pua chini, akanusa majani, akageuka alikotoka, hakukunusa wewe uliyeko juu. Amenusa njia uliyopita.

Na akiruka papo hapo, bila kunusa wala kutazama, ni sauti. Kamba ya mkoba, zipu, buti dhidi ya chuma cha dungu. Hapo suti ya dola elfu isingesaidia.

Dalili: alikuwa demani akapuliza pua, na suti ni mpya kabisa

Hili ndilo kubwa, na ndilo watu hawapendi kulisikia.

Suti nyingi za aina hii zina kaboni amilifu ndani ya kitambaa. Kaboni amilifu ni ndugu wa mkaa tunaoujua: ule unaowekwa kipande kwenye friji ili maziwa yasinuke samaki. Umetengenezwa uwe na vishimo vidogo mno, vingi mno, kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba zaidi ya 500. Molekuli za harufu zinapita, zinanata kwenye vishimo. Kanuni hiyo ni ya kweli, ndiyo inayotumika kwenye vinyago vya gesi na vichujio vya maji.

Shida ni kwamba kichujio kinafanya kazi pale hewa inapolazimika kupita ndani yake. Kinyago cha gesi kimebana uso wako. Suti haijakubana. Ukiinama kufunga kamba, hewa ya joto ya mwilini inatokea shingoni, kwenye mikono, kiunoni, kama moshi unaotafuta upenyo kwenye paa la makuti. Halafu kuna pumzi. Mtu aliyetulia anatoa kama lita sita za hewa kwa dakika. Kaa saa nne juu ya mti, umemwagia msitu zaidi ya lita 1,400 za hewa iliyotoka mapafuni, pamoja na kahawa na kitunguu cha jana. Ongeza nywele, uso, na chembe za ngozi zinazodondoka muda wote bila wewe kujua.

Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha jaribio la nguo hizi kwa kutumia mbwa wa kutafutia watu. Watu walifichwa, wengine wamevaa suti, wengine hawakuvaa, mbwa wakaachiwa. Mbwa waliwapata karibu wote, suti au bila suti. Kilichobadilisha umbali wa kugundua zaidi kilikuwa hali ya hewa, upepo ukiwemo. Utasema mbwa si kulungu. Kweli, lakini mnyama anayeishi kwa kuogopa kuliwa simtarajii awe mzembe wa pua kuliko mbwa aliyefundishwa kwa biskuti.

Kwa hiyo tiba ya dalili hii ni upepo. Na upepo wenyewe usiuchukue kwenye simu. Programu ya hali ya hewa inakwambia upepo wa uwanja wa ndege. Wewe uko kwenye korongo lenye mialoni. Mzee mwenye shamba ninapowinda alinionyesha kitu siku ya kwanza: kando ya barabara ya vumbi huku kuna gugu lenye utomvu mweupe kama maziwa, na majira ya kupukutika maganda yake hupasuka, ndani mna nyuzi laini zilizobeba mbegu. Ni kama sufi ile tuliyolalia mitoni, nami naiita sufi tu. Unachukua ganda moja, unaweka mfukoni. Ukiwa juu ya dungu unaachia uzi mmoja tu na kuufuata kwa macho.

Mara ya kwanza nilishangaa. Uzi ulitoka mkononi mwangu ukaelekea kusini kama simu ilivyosema, ukafika kama hatua ishirini, ukasimama hewani, ukazama, kisha ukarudi chini ya mti wangu na kuelekea mashariki kwa kufuata mfereji. Mashariki ndiko kulikokuwa na njia ya kulungu niliyokuwa nailinda. Yaani msimu mzima uliopita nilikuwa nawatumia salamu. Poda ya chupa haikuonyeshi hilo, kwa sababu inapotea baada ya hatua tatu. Mfuko wa majivu wanaoutikisa wafuatiliaji wa nyayo kule Tanzania ni mzuri kwa anayetembea, ila kwa aliyekaa juu, sufi haina mpinzani.

Dalili: asubuhi walipita vizuri, kuanzia saa tatu wote wakaanza kupuliza

Suti haijachoka. Hewa imegeuka.

Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka mlima kama maji, inafuata makorongo. Jua likipiga mteremko, ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda. Jioni kivuli kikiingia inashuka tena. Mvuvi wa Pwani anaijua kanuni hii kwa jina jingine: alfajiri anasukumwa na upepo wa nchi kavu, mchana anarudishwa na wa bahari. Huku kwetu bahari haipo, ila mlima unafanya kazi hiyo hiyo.

Ukikaa juu ya kulungu asubuhi na mapema, harufu yako inawateremkia. Ukikaa chini yao baada ya jua kupanda, inawapandia. Kipindi kibaya kuliko vyote ni kile cha kugeuka, kama nusu saa au zaidi, hewa haijui iende wapi. Hapo sufi inazunguka tu. Mimi huwa nimeshashuka, au nimechagua dungu ambalo upepo wenyewe una nguvu ya kuishinda hewa ya mlima, mfano kwenye kilele kilicho wazi.

Hapa ndipo naamini suti ina faida kidogo. Harufu inapozunguka bila mwelekeo, kuipunguza kunaweza kumfanya kulungu aliye pembeni akuchukulie kama mtu aliyepita zamani badala ya mtu aliyeko. Ni maoni yangu kutokana na kukaa huko, simuuzii mtu.

Dalili: alisimama penye njia yangu, saa nzima baada ya mimi kupita

Angalia miguu na mikono. Suti inaishia kwenye kifundo, lakini buti ulizovaa jana kituo cha mafuta ndizo zilizokanyaga kila jani. Ngozi na kitambaa hushika harufu na kuiachia polepole. Mpira haushiki sana. Gambuti za mpira, zikiwekwa nje ya nyumba na nje ya gari, zisivaliwe popote isipokuwa porini, zinasaidia kuliko watu wanavyodhani, na bei yake ni ndogo.

Mikono ndiyo inayosahaulika. Unasukuma tawi, unashika mti ukivuka kijito, na matawi yako kwenye kimo cha pua ya kulungu. Vaa glovu tangu garini, au usiguse. Na usivuke njia yao hata kama ndiyo ya mkato. Zunguka.

Dalili: msimu wa kwanza ilikuwa poa, mwaka huu kama nimevaa blanketi la kawaida

Swali langu: unaifuaje, na unaikausha wapi?

Vile vishimo vya kaboni vikijaa, vimejaa. Watengenezaji husema itie kwenye draya, mashine ya kukaushia nguo, joto litafukuza harufu na suti itaanza upya. Kuna ukweli nusu: joto la draya linaweza kuondoa molekuli nyepesi nyepesi. Lakini viwandani kaboni hurudishiwa uwezo kwa joto la nyuzi 800 hivi, na draya yako haifiki hata 100. Zile nzito zinazonata sana zinabaki.

Jambo hili lilifika mahakamani, na hapa hapa Minnesota. Mwaka 2007 wawindaji walimshtaki mtengenezaji pamoja na maduka makubwa kwa matangazo yanayodai kuwa nguo inaondoa harufu na kwamba draya inairejesha. Mwaka 2010 jaji wa shirikisho alisema baadhi ya madai hayo ni ya uongo na akaweka zuio. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo. Kila upande unanukuu nusu inayoupendeza. Kwa mtu wa dungu la maana ni kwamba ubishi haukuwa kama kaboni inanasa harufu. Ulikuwa ni kiasi gani, na kama draya ya nyumbani inaifanya kuwa mpya.

Sasa rudi kwenye draya. Wengi wetu tunaishi kwenye majengo ya ghorofa, mashine ziko chini, mnachangia. Umeifua suti kwa sabuni isiyo na manukato, umejipongeza, halafu umeitia ndani ya pipa ambalo jirani amekausha mashuka yake kwa vile vikaratasi vya kulainishia vyenye harufu ya maua. Kaboni haichagui. Inanasa maua hayo yote kwa uaminifu, inakwenda nayo porini. Kuna mwaka nilifanya hivyo. Juu ya dungu nilikuwa najinusa mwenyewe, nanukia kama bwana harusi.

Aliyekulia Pwani hahitaji maelezo marefu. Nguo ikifukizwa udi juu ya chetezo jioni moja, harufu inakaa siku kadhaa. Kabati lako, jiko lako la pilau na gari lako ni vyetezo pia, tofauti ni kwamba huoni moshi. Rafiki yangu mmoja, Mkongo, aliinunulia suti begi zuri la kufungwa, lisilo na dosari, isipokuwa aliivaa suti nyumbani ili "asipate baridi" na tukasimama njiani kula sambusa ndani ya gari. Tulibishana maili arobaini kama suti yake ina kasoro.

Ifanye hivi: ifue mara chache, kwa sabuni isiyo na harufu, ianike nje kwenye upepo, uweke kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Usiivae mpaka uko karibu na mti.

Dalili: alinitumbulia macho na kupiga kwato

Hili ni jicho, na mara nyingine suti yenyewe ndiyo mhalifu.

Macho ya kulungu yana aina mbili tu za seli za rangi, sisi tuna tatu. Nyekundu na chungwa haziwasumbui, kwao zinafifia. Ndiyo maana sheria inakuvalisha rangi ya chungwa inayowaka na bado unaua. Lakini upande wa bluu wanaona vizuri, na sehemu ya mwanga wa urujuani usioonekana kwetu inapita kwenye macho yao. Sabuni za kawaida za kufulia zina vingʼarishi vinavyofanya nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi, kwa kurudisha mwanga huo kama bluu. Ukifulia suti yako ya rangi za majani sabuni hiyo, alfajiri unaweza kuonekana kama unangʼaa kwenye mwanga hafifu. Soma pakiti kabla ya kununua.

Zaidi ya hapo ni kutulia. Keti ambapo shina liko nyuma yako, si anga.

Dalili: nilifika mtini nimelowa

Novemba huku asubuhi inaweza kuwa chini ya sifuri, na mgeni anavaa kila alichonacho tangu garini. Anapanda mlima nusu saa, anafika shati la ndani limeloa. Jasho jipya halina harufu kali. Bakteria wa ngozi ndio wanaolifanyia kazi, na umewapa joto na unyevu saa nne mfululizo. Mbaya zaidi, baada ya dakika ishirini za kukaa utatetemeka, na anayetetemeka hupiga kelele.

Tembea umevaa kidogo hadi uhisi baridi. Suti na koti viwe mkobani. Ukifika subiri kidogo, jifute, badili shati la ndani, ndipo uvae. Kwa maoni yangu shati la pili la sufu ya kondoo, la bei ya kawaida, linapunguza harufu yako kuliko kubadili suti moja ya kaboni kwa nyingine.

Vitu vidogo vinavyoharibu kazi nzima

Kizibao cha chungwa. Minnesota msimu wa bunduki sheria inataka kofia na nguo ya nje ya juu ya kiuno iwe ya chungwa au waridi inayowaka. Sasa mtu amefua suti kama sanda, kisha juu yake anavaa kizibao kilichoning'inia gereji mwaka mzima karibu na dumu la petroli. Kifue pamoja na suti. Kofia pia.

Dawa za kupuliza hupunguza harufu ya juu juu kwenye buti na mkoba. Zitumie, ila usizitegemee zikuokoe demani. Mashine za ozoni zinaua harufu kwenye nguo, lakini ozoni inaumiza mapafu na inakula mpira na lastiki, kwa hiyo chumba unacholala si mahali pake. Na mkojo wa kulungu wa kwenye chupa, soma sheria za jimbo kwanza: majimbo kadhaa, Virginia likiwemo, yamepiga marufuku mkojo halisi kwa hofu ya ugonjwa unaokausha kulungu hadi kufa.

Basi ninunue au nisinunue?

Kama huna ganda la sufi mfukoni, hujui hewa ya mlima wako inageuka saa ngapi, na una dungu moja tu unalolikalia kila upepo, usinunue. Hiyo pesa itakupa dungu la pili upande wa pili wa bonde, na siku upepo ukigeuka utakuwa na pa kwenda. Hiyo peke yake ilibadilisha misimu yangu.

Kama hayo yote unayo, na unawinda kwa upinde ambapo kulungu anatakiwa afike hatua ishirini, basi nunua, chagua iliyobana shingoni na mikononi, yenye kifuniko cha kichwa, na usilipie maneno ya kwenye lebo. Itakupa dakika moja au mbili kwa kulungu aliyeko pembeni ya mkondo wako. Kwa mwenye upinde dakika mbili ni nyingi. Aliyeko katikati ya mkondo atakupulizia tu.

Ikitokea amekupulizia, usishuke kwa hasira. Achia uzi mmoja wa sufi, uone ulikokwenda, uandike mahali: tarehe, saa, upepo, dungu lipi. Kesho yake kalia jingine. Mimi nina daftari la namna hiyo, kurasa zake nyingi ni za aibu.

Suti yangu ya kwanza bado ipo. Naivaa kusafishia theluji mbele ya nyumba, na kwa kazi hiyo haijawahi kuniangusha.